Kijani Kizito

Tarehe 4 Februari

Mke wangu Mtaalamu,

Kwanza salamu. Shikamoo yangu mfikishie Mama, umwambie mkwe wake anauombea mguu wake uamke. Mimi sijambo, mapipa hayajambo, na paka wako hajambo, anakula kunishinda mimi.

Naandika kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu sisi hatuwezani. Dakika ya kwanza salamu, ya pili "mbona hukuniambia", ya tatu mmoja wetu kakata. Huyu dereva wa lori la saruji anashusha mzigo huko kwenu kila wiki, basi yeye ndiye posta yetu. Nimempa shati la kijivu kama nauli ya barua zote. Yeye akashukuru kwa shati la bluu. Dereva hajui rangi! Sijui kwenye taa za barabarani anapitaje.

Sasa shida yangu. Unayakumbuka majoho ya kwaya? Niliyatia rangi kwenye mapipa mawili, nikakoroga mpaka mabega yakaniuma, nikayaanika. Mwalimu wa kwaya kayarudisha yote. Anasema nusu ya waimbaji wamevaa bluu ya mchana na nusu bluu ya usiku wa manane, wakisimama pamoja wanaonekana kwaya mbili zilizogombana. Mimi nikiyatazama naona ni yale yale. Lakini ndiyo hivyo, mteja hakosei, hata akikosea.

Nahisi ni magadi. Rangi haikolei. Naongeza, haikolei, naongeza tena. Hapa bandani nina magunia matatu: chumvi ya mezani, magadi, na ile mbolea ya salfeti tunayotilia rangi masweta ya sufu. Yote meupe, yote unga. Nitajuaje kwamba lililoandikwa magadi ni magadi kweli? Ulipokuwepo, wewe ndiye uliyepima. Kazi yangu ilikuwa kukoroga na kupiga kelele.

Ndoo yako ya kupimia bado iko msumarini pale pale. Sijaigusa.

Mimi,
Mzee wa Mapipa


Tarehe 11 Februari

Mume wangu, Mzee wa Mapipa,

Salamu zimefika, Mama kaitikia marahaba. Mguu wake bado bado. Siwezi kusema ni lini.

Haya, somo, na safari hii usisinzie. Siku ile ulipokuja kwenye dirisha la maabara niliyoitunza shuleni na kitambaa kilichochuja chote, ukinililia kama aliyefiwa, nilikwambia nini? Kwamba chumvi si chumvi tu. Kila chumvi imezaliwa na wawili, asidi na besi. Ukitaka kujua itafanya nini kwenye maji, uliza nani kati ya wazazi hao alikuwa na nguvu.

Chumvi ya mezani wazazi wake wote wakali. Hakuna anayemshinda mwenzake, maji yanabaki katikati, pH ni saba, karatasi ya kupimia inakuwa kijani. Magadi ni mengine. Besi yake ni kostiki, ile ya kwenye kopo bandani, inayochubua ngozi. Asidi yake ni ya kaboni, ile ya vinywaji vya gesi, dhaifu hata mtoto mchanga anaimeza akacheua. Hapo besi inatawala, pH inapanda hadi kumi na moja, karatasi inakuwa bluu kama wino. Na salfeti ni kinyume: asidi yake ni ya betri, kali, besi yake ni amonia, dhaifu. pH inashuka hadi tano hivi, karatasi inakuwa rangi ya chungwa. Sasa, rangi zetu za pamba hazishiki uzi mpaka maji yawe na besi ya kutosha. Chumvi ya mezani inaisukuma rangi iende kwenye kitambaa, lakini magadi ndiyo yanayoifunga isitoke. Ukikosea gunia, utakoroga hadi Yesu arudi na itachuja.

Kwa hiyo fanya hivi. Nusa pipa. Salfeti ikiwa imechanganyika na magadi, amonia inafukuzwa, utasikia harufu ya choo cha stendi. Kisha lowesha vidole, sugua huo unga. Magadi yanateleza. Mwisho chukua karatasi kwenye boksi la njano, kabatini, nyuma ya sukari. Rangi za kulinganisha ziko kwenye kifuniko.

Halafu mbona siku hizi unaandika herufi kubwa kama tangazo la mnada? Mistari sita imemaliza ukurasa.

Na nikuulize. Hivi unanikumbuka mimi, au unamkumbuka mpimaji?

Wako,
Mtaalamu


Tarehe 18 Februari

Mke wangu Mtaalamu,

Nimenusa mpaka nikapiga chafya. Harufu hakuna. Nimesugua, inateleza kama sabuni. Nikasema sawa, haya ni magadi. Nikaleta karatasi yako. Chumvi ya mezani: kijani, kama ulivyosema. Magadi: kijani! Ni kijani kizito, sikatai, kizito kuliko kile cha kwanza, lakini ni kijani. Kwenye kifuniko nimekilinganisha na nane.

Nikabeba gunia begani hadi kwa mwenye duka wa kona. Nikamwambia, bwana, umeniuzia soda ya kuokea mikate, mimi sioki mikate. Akaitazama karatasi, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ile ni bluu. Mtu ananidanganya na karatasi ninayo mkononi! Tukapandishiana sauti mpaka watu wakatoka kwa kinyozi kuja kutazama, mmoja na povu shavuni. Nimemwachia gunia lake. Nitanunua kwingine.

Majoho nimeyatia tena. Nimeongeza rangi mpaka mwenyewe nikaridhika. Mwalimu wa kwaya alipoyaona alikaa kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa. Sijui alikuwa na nini.

Herufi ni kubwa kwa sababu nimenunua kalamu nene. Na taa za hapa siku hizi zina ukungu, nadhani umeme umepungua nguvu mtaani.

Unauliza nakukumbuka wewe au mpimaji. Swali gani hilo, mke wangu? Leo nimekoroga mapipa matatu peke yangu, mgongo hauna hali. Paka amelala kwenye kiti chako tangu asubuhi, nikimfukuza anarudi. Nimemwacha.

Mimi,
Mzee wa Mapipa


Tarehe 25 Februari

Mume wangu,

Mwenye duka wa kona ana mdomo mrefu, lakini mizani yake haijawahi kutuibia na uongo sijawahi kumkamata nao. Kamwombe radhi kuhusu kelele, hata kama bado unamshuku.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mpya za kupimia, na unga wa aina tatu niliofungia kwenye vipande vya gazeti kwa uzi. Kimoja kina fundo moja, kingine mafundo mawili, kingine matatu. Sikuandika ni nini, nataka upime bila kujua. Tia kila kimoja kwenye kikombe chake cha maji safi, chovya karatasi, uniandikie rangi unayoiona. Usimwonyeshe mtu. Fanyia nje, mchana, jua likiwa kali.

Jingine. Shule ya hapa inatafuta mtunza maabara. Mkuu wa shule alisikia kwamba nipo, akaja mwenyewe mpaka kibarazani kwa Mama. Chumba cha kuishi kipo, ndani ya uwanja wa shule, kina dirisha linalotazama bustani. Anataka jibu kabla mwezi wa tatu haujaisha. Ni kazi ya kudumu, si ya kushika shika.

Nimemwambia nitamuuliza mume wangu. Basi nakuuliza. Unasemaje?

Wako,
Mtaalamu


Tarehe 4 Machi

Mke wangu,

Nimepima, nje, jua la utosi, kama ulivyotaka. Fundo moja: chungwa. Mafundo mawili: kijani. Mafundo matatu: kijani kizito.

Kuhusu kazi, hongera. Ni kazi nzuri, unaistahili na unaiweza. Mimi hapa najimudu.

Mzee wa Mapipa


Tarehe 9 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba ya salamu zako zote. Barua hii naituma kwa siri, dereva kaahidi kuificha chini ya kiti. Mimi mama mkwe wako sikupaswa kukuandikia mambo ya namna hii, lakini nimezeeka, na heshima yangu karibu yote niliimaliza kwa marehemu baba mkwe wako.

Mguu wangu uliamka zamani, kabla ya mwaka mpya. Sokoni naenda mwenyewe. Juzi nimemkimbiza mbuzi wa jirani, nikamfikia. Mgonjwa hapa hakuna. Aliyepo ni binti yangu, anayeamka kila siku, anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, kisha anakaa kusikiliza kama lori linakuja. Majirani wananiuliza kama ameachika. Nami sijui niwajibu nini, maana mwenyewe hajui.

Siku alipoondoka huko kwenu alikwambia, "Ukinihitaji niite." Wewe ukamjibu, "Nenda, hata mwaka kaa, nitajimudu." Baba, nani alikuuliza kama utajimudu? Amekaa anasubiri kuitwa. Wewe unamwandikia magadi.

Na hiyo hongera yako! Alipoisoma, alitoka nje akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Vyote. Hadi vile vya wageni vya kabatini.

Kama humtaki, sema, mtoto wangu bado ana nguvu zake. Kama unamtaka, mbona unaubana mdomo kama umeuazima?

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Tarehe 11 Machi

Wewe mwanamume,

Leo sina salamu.

Fundo moja ilikuwa salfeti. Mafundo mawili, chumvi ya mezani. Mafundo matatu yalikuwa magadi, niliyoyapima mimi mwenyewe mara mbili kabla ya kuyafunga, kwa karatasi kutoka boksi lile lile nilikotoa za kwako. Mara zote mbili ilikuwa bluu. Si kijani chepesi, si kijani kizito. Bluu kama wino.

Chumvi haina ujanja, mume wangu. Kostiki haiwezi kushindwa na asidi ya kaboni huko kwako na kuishinda huku kwangu. Magadi yakiingia kwenye maji yatayapandisha, iwe kwa Mama, iwe bandani, iwe mwezini. Chungwa umeliona. Kijani umekiona. Bluu tu ndiyo iliyokupotea. Kwa hiyo kilichobadilika si chumvi, si karatasi, wala si mwenye duka wa kona. Ni macho yako.

Nilianza kushuku ulipogombana na yule mzee wa watu. Wiki ile ile dereva alishuka kwenye lori na shati lake "la kijivu". Nimeliona kwa macho yangu. Ni bluu, bluu nzuri, niliichanganya mimi mwaka juzi. Halafu herufi zako. Halafu taa zenye ukungu. Umeme haujapungua popote, nimemuuliza dereva.

Tangu lini? Nani mwingine anajua? Na unathubutuje kusimama juu ya mapipa ya maji ya moto, umeshika kopo la kostiki, huku huoni? Ulitaka nipate habari lini, siku utakayotumbukia? Nimekaa na barua yako mapajani, nikifikiri juu ya ile ngazi ya bandani yenye kipago kilichovunjika, ambayo naapa hujaitengeneza.

Nimekukasirikia hadi nimelia, na sijui nililia kwa hasira au kwa nini. Kwa sababu mimi nilidhani umenichoka. Barua baada ya barua, magadi, majoho, magadi. Nikajisemea, huyu anataka mpimaji tu, akimpata mwingine hata jina langu hatalitaja.

Hongera yako nimeikata kwa mkasi nikairudisha humu ndani. Sikuiomba. Ikae kwako.

Kuna chumvi moja sikuwahi kukufundisha, ile iliyozaliwa na wazazi dhaifu wote wawili, asidi dhaifu na besi dhaifu. Hiyo huwezi kuitabiri kwa kutazama gunia. Inategemea nani ana udhaifu uliopungua kidogo tu kuliko wa mwenzake. Wakilingana, maji yanakaa pale pale katikati, siku zote, utafikiri hamna kitu ndani. Wewe dhaifu wa kusema na mimi dhaifu wa kuuliza. Basi leo mimi nimekuzidi kidogo. Nauliza.

Unanitaka nyumbani au hunitaki?

Mimi


Tarehe 18 Machi

Mke wangu, mke wangu, mke wangu,

Barua mbili zimefika kwa lori moja, yako na ya Mama. Nimeshindwa kuzisoma. Huo ndio ukweli. Nimekwenda kwa mwenye duka wa kona, nimemwomba radhi mbele ya watu wa kinyozi, kisha nikamwomba anisomee. Amesoma zote mbili kwa sauti, mpaka ile ya Mama kuhusu mdomo wa kuazima. Sijawahi kuaibika hivyo. Alipomaliza alifuta miwani yake, akafunga duka, akaniambia twende hospitali.

Wamenimulika. Ni mtoto wa jicho. Nikasema, miaka yote tumemtafuta mtoto mimi na mke wangu, kumbe yeye kaamua kuja kukaa huku! Daktari hakucheka. Akasema wapo kwenye macho yote mawili. Nikamwambia, basi mapacha. Hapo akacheka. Anasema mtoto wa aina hii anakomaa polepole, anakuwa kama kioo cha njano mbele ya jicho, na bluu ndiyo inayofifia kwanza. Mwenyewe hujui, kwa sababu inaondoka kidogo kidogo. Wanapasua, wanatoa, wanaweka kilenzi. Jicho moja kwanza, la pili baadaye.

Sasa nikujibu. Ukungu niliujua tangu kabla hujaondoka. Rangi sikuijua, nakuapia. Nilidhani kweli ni magadi. Lakini ukungu niliujua na nikakuficha. Mama alikuwa amelala mguu haunyanyuki. Nikajisemea, huyu mwanamke hawezi kutoka kwa mgonjwa mmoja kuja kwa mwingine. Kisha muda ulivyokwenda ikawa jambo jingine. Nilitaka urudi kwa hamu yangu. Nikikwambia macho, utarudi kwa huruma, na mimi nitakaa maisha yangu yote nisijue ni kipi kilichokurudisha.

Ile hongera ilinichukua asubuhi nzima. Kwanza niliandika "usiende". Nikaitazama, ilikuwa neno moja tu katikati ya ukurasa, nikaona aibu, mtu mzima mwenye mvi. Nikaichana. Nikaandika hongera kwa sababu ndilo neno ambalo halikuniumbua.

Nakukumbuka wewe. Mpimaji nimkumbuke wa nini? Karatasi ninazo. Nakukumbuka unavyogonga kijiko kwenye ukingo wa ndoo. Nakukumbuka unavyoniita Mzee wa Mapipa hata mbele ya wateja wakubwa. Kitanda nalala upande wangu, upande wako sijaugusa, na nikiamka mkono uko huko huko unatafuta. Nilipokuwa napima vikombe vyako vitatu juani, nilinusa ule uzi uliofungia, nikitumaini una harufu ya mikono yako. Una harufu ya gazeti. Nimeuweka mfukoni hata hivyo.

Ulisema nikikuhitaji nikuite. Nakuita. Njoo nyumbani. Si kwa ajili ya macho, haya hospitali watayashughulikia. Njoo kwa sababu nyumba hii bila wewe sijui ni ya nani.

Ngazi sijaitengeneza. Umejuaje?

Wako,
Mzee wa Mapipa

(Hii nimeandika mwenyewe. Imechukua kurasa tisa. Mwenye duka alitaka kunisaidia nikamkatalia.)


Tarehe 25 Machi

Mume wangu mpenzi,

Mkuu wa shule nimemjibu. Alisikitika, akasema nifikirie tena. Nikamwambia nimefikiri tangu kabla ya mwaka mpya, nimechoka kufikiri.

Mama kakiri kwamba alikuandikia. Basi huna jipya la kusikia kuhusu mguu wake, ila nilitamke kwa kinywa changu: nilikuficha. Niliandika "bado bado" huku yeye yuko nje anakimbiza mbuzi. Niliogopa nikisema amepona halafu wewe usiniambie nirudi. Hapo ningekuwa sina pa kujificha tena. Tumelingana, wala usinicheke.

Kuhusu huruma na hamu, umeniuliza bila kuniuliza. Nilikuwa nimefunga begi tangu siku nilipokuuliza kama unanikumbuka mimi au mpimaji, kabla sijashuku lolote kuhusu macho yako. Kama ungeandika "usiende", hata kwa herufi za mnada, ningepanda lori lile lile lililoileta. Mama ni shahidi, ndiye aliyelifungua begi nilipopata hongera.

Nakuja na lori linalofuata. Dereva ananiwekea nafasi mbele. Hadi nifike, usitie rangi kitu chochote, hata soksi. Kostiki ifungie kabatini. Ngazi iondoe kabisa, iweke nje, nitaitengeneza mimi.

Nitavaa gauni lile la bluu ulilonitilia rangi mwaka wetu wa kwanza. Utaliona la kijivu. Usiseme kitu, nipokee mkoba tu.

Wako, na nimesema wako,
Mtaalamu


Tarehe 6 Mei, mezani, chini ya kikombe chako

Mke wangu Mtaalamu,

Umetoka kwenda sokoni, umeniagiza nikae nimetulia na nisiinamie mapipa. Sijainama. Lakini daktari alisema bandeji ya jicho la kwanza nitoe leo asubuhi, na nilitaka nitoe ukiwa hupo, ili nikilia nilie kwa nafasi.

Nimeitoa.

Kwanza nimechukua kikombe, magadi kidogo, karatasi moja. Mke wangu, ni bluu. Ni bluu jamani, utafikiri mtu kamwaga kidau cha wino. Nikafumba jicho lililopona nikatazama kwa hili ambalo bado: kijani kizito. Nikabadilisha. Bluu. Nimefanya hivyo mpaka paka akaondoka.

Halafu nikafungua banda nikayatazama majoho. Yesu na Maria! Umeniachaje niishi na kitu kile? Ile si bluu ya usiku, ile ni bluu ya shimoni. Maskini mwalimu wa kwaya, ndiyo maana aliomba maji. Nitamtilia mengine bure na nitamwandikia barua ya kumwomba radhi, kwa herufi ndogo.

Nikarudi ndani, na kupitia dirishani nikakuona bado hujafika mbali, umesimama na mwenye duka wa kona mnacheka, nadhani mnanicheka mimi. Umevaa lile gauni. Wiki zote hizi umekuwa ukilivaa hapa ndani nami nanyamaza kama ulivyoniagiza, najisemea moyoni, kijivu chake kinampendeza. Sikukumbuka kuwa nilikutilia rangi nzuri namna ile. Na nywele zako pembeni, juu ya masikio, zimekuwa nyeupe, mke wangu. Tangu lini? Mbona hukuniambia?

Nimekutazama ukivuka barabara na kikapu mpaka umeishia kwenye kona. Nilitaka kukuita, nikaona watu watashangaa, mtu anaenda kununua vitunguu anaitwa kama anahama. Basi nimeandika.

Najua unarudi sasa hivi. Nakuita hivyo hivyo.

Wako,
Mzee wa Mapipa